Masika ya Mtoto wa Mwanakhamis

Jumatano, 5 Machi 1969. Malindi, Unguja

Nimeambiwa nithibitishe kuwa mimi ni mtu wa hapa, au nifunge virago. Bwana wa ofisi ya uraia hakunigombeza. Afadhali angenigombeza, ningejua la kumjibu. Aliniuliza kwa upole, kama daktari anayeogopa kukutisha: umezaliwa wapi, bibi? Majunga, nikasema, kule Bukini, kisiwa cha Madagaska. Baba? Mngazija, fundi cherehani, marehemu. Mama? Marehemu vilevile. Mtu wa Chwaka.

Hapo akaweka kalamu chini. "Chwaka hii yetu? Basi mbona unajihangaisha? Lete mtu wa Chwaka, wa damu yako, aje mbele yangu aseme wewe ni wao. Nnakupa mpaka mwisho wa Mei. Baada ya hapo sina la kukusaidia."

Mtu wa damu! Huu ni mwaka wa tisa niko Unguja na Chwaka sijatia mguu. Mama aliniusia katika maradhi yake ya mwisho: usiende kwa kaka yangu mpaka akuite. Hakuniita. Nilikuja hapa kwa ajili ya mume, Mngazija wa Malindi aitwaye Nahodha, ingawa chombo pekee alichopata kukiongoza ni baskeli. Mwaka jana lilipotoka tangazo kwamba Wangazija si raia tena, mimi nikapoteza kazi yangu ya kufundisha ushoni skuli, naye akavuka kwenda Mombasa "kutazama hali". Hali aliitazama, akaipenda, akaniletea talaka.

Mwenye nyumba wangu, Bi Mwanakheir, anafunga mizigo yake ya kwenda Moroni. "Sisi tuna kwetu," ananiambia, "wewe utakwenda wapi, Mbuki wee?" Hana ubaya, ndivyo wanavyonitania kwa kuwa nimezaliwa Bukini. Wangazija wa Malindi wananiita Mbuki. Wabuki wa Majunga walikuwa wakituita wageni wa kutoka visiwani. Bwana wa ofisi ananiita Mngazija. Majina yote hayo, na hakuna hata moja lenye mlango nikaupigia hodi.

Ijumaa, 7 Machi

Joto la kuivisha mafenesi. Mvua hata dalili. Nimeshona gauni la watu, nikalifumua, nikalishona tena.

Jumapili, 9 Machi. Chwaka

Nimeharibu. Nimeharibu mchana kweupe, mbele ya watu.

Nilimtambua mjomba Makungu kabla sijaonyeshwa. Alikuwa barazani na wazee wenzake, akacheka jambo, nikauona mwanya wa mama kinywani mwake. Nikamshika mkono, nikasema shikamoo mjomba, mimi Shemsa, mtoto wa Mwanakhamis. Wazee wakaweka vikombe chini. Yeye akanitazama muda, kisha akasema, "Marahaba. Kaa kitako." Nikaletewa kahawa. Nami nikadhani mambo yamekwisha kuwa mazuri.

Ndipo nikauliza, kwa furaha yangu yote, "Mjomba, na nyumba ya mama ndiyo ipi?"

Niandike nilichomaanisha, maana hakuna mwingine atakayenisikiliza. Kwa Wangazija nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume ndiye anayehamia kwa mke, na mtoto wa kike ndiye anayerithi kuta. Baba alinilea hivyo: kila mwanamke ana nyumba yake mahali fulani, hata akiwa ng'ambo. Kumuuliza mtu nyumba ya mama yake iko wapi, kwetu, ni kama kumuuliza mama yake ni nani. Nilitaka kuuona ukuta tu. Nilitaka kuugusa.

Mjomba akasimama. "Nyumba ya nani?"

"Ya mama."

"Mamaako katoka hapa hana hata mkeka. Nyumba hii kajenga babaangu, nimezaliwa humu na ntafia humu. Khaa! Siku hizi kila mtu anakuja na dai lake. Leo umekuja wewe na kibakuli cha halua, kesho utakuja na askari."

Nikajaribu kusema, maneno yakanitoka Kingazija badala ya Kiswahili, nikazidi kuchafua. Akaingia ndani. Nilisikia komeo likiteremka. Wazee wakashughulika na vikombe vyao.

Aliyeniokota ni bibi mmoja mfupi, mkavu, mikono imekomaa kama ya mwanamume. Alinifuata njiani. "Mimi Kidawa," akasema. "Mamaako alikuwa shoga yangu. Njoo, usilie njiani, watu wanakutazama." Nimo kwake sasa.

Jumatatu, 10 Machi

Bi Kidawa ananieleza kosa langu huku akichambua mchele, bila ya kuninyanyulia uso. "Mtu akirudi kwao huuliza makaburi, mwanangu. Ungemwambia, mjomba nipeleke kwa bibiangu nikamsomee. Angekuchukua mkono mwenyewe. Wewe umeanza na nyumba. Mwaka huu! Watu wananyang'anywa nyumba wamo ndani wamelala!"

Nikamwambia sikujua.

"Nnajua kama hujui. Na yeye ndiyo kaona kama wewe si wa hapa."

Ijumaa, 14 Machi

Bi Kidawa amenipeleka makaburini. Bibi yangu amelala chini ya mpera, kaburi halina hata jiwe la maana. Nikasoma, nikang'oa majani. Mjomba alipita na mkoba wake akielekea msikitini, maana yeye ndiye muadhini. Alituona. Akaendelea na njia yake.

Jumanne, 18 Machi

Nimefukia makumbi.

Kazi ya wanawake wa huku ni kamba. Maji yakitoka wanashuka pwani na makumbi ya nazi, wanayafukia matopeni na kuyawekea mawe, yanaoza huko miezi mpaka yalainike, kisha yanafukuliwa, yanapondwa, usumba, zile nyuzi zake, unasokotwa. Kila mwanamke ana mahali pake na hakuna wa kupagusa. Bi Kidawa amenikatia kipande cha mahali pake. Nilipokuwa nikipanga mawe, mmoja wa wanawake akasema kwa sauti ya kusikika, "Toka lini mgeni akafukia makumbi? Atayafukua nani?"

"Atayafukua mwenyewe," akajibu Bi Kidawa.

Makumbi yatakuwa tayari mwezi wa Agosti, au Septemba. Mimi nimepewa mpaka mwisho wa Mei. Nilicheka peke yangu na tope magotini, wakaniona mwendawazimu.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua ya kwanza. Nilikuwa nimesahau harufu yake.

Jumanne, 25 Machi

Nimempikia mjomba boga la nazi, nikampelekea kwa mkono wangu. Alilipokea mlangoni, akasema ahsante. Jioni sahani imerudi. Imeoshwa, na haina kitu. Hata ndimu moja. Hata chumvi ya kutia kidoleni.

Hata Majunga, katika kabila zote zile, sikupata kuona sahani ya jirani ikirudishwa tupu. Nimeiweka mbele yangu na nimeitazama mpaka Bi Kidawa akaja kuiondoa.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Nimepeleka ndizi za nazi. Sahani tupu.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua. Muhogo na papa. Tupu. Bi Kidawa anasema niache kujidhalilisha. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, namwambia. "Ainame," anasema, "lakini asilale kifudifudi."

Jumanne, 8 Aprili

Leo nimemvizia baada ya sala ya alasiri, nikamweleza yote: ofisi, mwisho wa Mei, neno moja tu mbele ya bwana yule. Nikamwambia sitaki nyumba. Sitaki shamba. Nataka useme tu kwamba mimi ni mtoto wa dada yako.

Alisikiliza. Sikutegemea asikilize. Kisha akaniuliza, "Unajua vipi mamaako kaondoka hapa?"

Najua, kwa mdomo wa baba, nikamweleza. Baba alikuja Chwaka kushona kanzu za harusi, akakaa wiki nzima na cherehani yake chini ya ukumbi wa watu, akamwona mama. Akaposa. Babu alikwisha kufa, kwa hiyo mjomba ndiye aliyekuwa walii wake wa kumwozesha, naye akakataa: hamwozeshi dada yake mtu asiyejulikana kwao. Akaposa mara ya pili, akafukuzwa. Mama akatoka usiku, wakapanda meli, na Majunga kadhi akawaozesha.

"Kadhi," mjomba akasema. "Mimi nimemtafuta mpaka Bububu. Nimeuliza kila jahazi. Mamaangu kafa kwa jambo lile, hakumaliza mwaka. Wewe damu yako nnaijua, Shemsa. Una macho ya dada yangu, yananitaabisha. Lakini babaako simjui, wala sikupata kumjua, wala sitosimama mbele ya serikali kumtaja."

Nilikuja na hasira zangu zimetayarishwa, sikupata pa kuziweka. Nilidhani ni mzee mwenye choyo, kumbe ni mtu aliyeachwa.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Nimekaa ndani.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Nimeota Majunga. Mama alikuwa uani akikoroga dagaa na kusema nami Kiunguja, baba ndani akimjibu Kingazija, jirani anapiga kelele za Kibuki juu ya ukuta, nami nawajibu wote. Nilipoamka nilikaa kitandani nikitafuta lugha ya kulilia.

Alhamisi, 24 Aprili

Paa la mjomba limeanguka. Upepo wa alfajiri ulichukua upande mzima wa makuti, na mvua ikaingia juu ya kitanda chake, juu ya misahafu yake, juu ya kila kitu. Yeye mwenyewe alikuwa msikitini, Mungu kamwepusha. Watu wote walitoka. Wanaume wakakata boriti, sisi wanawake tukakaa ukumbini kwa jirani kusuka makuti. Mimi sikupata kusuka kuti maishani mwangu. La kwanza nililosuka lilichekwa na watoto. La kumi lilipandishwa juu.

Adhuhuri, watu wamekusanyika wanakula wali, nikasimama. Sijui nilipata wapi ushujaa. Nikasema, "Jamani, mimi nilipofika hapa niliuliza jambo la kijinga. Kwa baba yangu ndivyo watu wanavyouliza. Nyumba hii ni ya mjomba wangu Makungu, na mimi sina changu ndani yake, wala leo wala kesho. Nyote ni mashahidi."

Mzee mmoja akasema, "Kasema mtoto." Wakaendelea kula. Mjomba alikuwa ameshika tonge na halipeleki kinywani.

Jumamosi, 26 Aprili

Nilimpelekea kisamvu. Sahani imerudi na changu wawili wabichi, wameparwa magamba. Nimemwamsha Bi Kidawa usingizini mwa mchana kumwonyesha.

Jumatano, 30 Aprili

Jua kidogo. Mjomba kanionyesha mahali mama alipokuwa akicheza tiabu na wasichana wenzake. Kanionyesha jiwe la kusagia la bibi. Alipoona nataka kuligusa akageuka akatazama upande mwingine, kunipa nafasi. Nimekuwa mtu wa kulialia.

Jumamosi, 3 Mei

Ee Mola wangu, nishike.

Mjomba aliniita barazani kwake, peke yetu. Kanzu yake nyeupe, amejitia na mafuta. "Nimefikiri," akasema. "Ntakwenda na wewe mjini."

Nilimwinamia nikamshika miguu. Akaniinua.

"Sikiliza kwanza. Nikisema wewe mtoto wa Mwanakhamis na Mngazija, watanambia mtoto ni wa baba, basi naye Mngazija, afuate wenzake. Nimekwenda kuuliza, ndivyo walivyonambia. Lakini mtoto asiyekuwa na baba ni wa nani?"

Niliketi ukingoni mwa baraza.

"Ni wa mama," akajibu mwenyewe. "Wa mama na wa ukoo wa mama. Na mimi sitosema uwongo, Shemsa, nshazeeka kwa uwongo. Nani alikuwa walii wa Mwanakhamis? Mimi. Nilimwozesha? Sikumwozesha. Basi hapana ndoa. Hivyo ndivyo ntakavyosema, na nikiapishwa ntaapa."

"Mjomba, kadhi alisimama mahali pako. Walii akiwa mbali, kadhi huozesha. Hata watoto wa chuoni wanalijua hilo."

"Kadhi hakuniuliza mimi."

"Unataka nimwite mama yangu mzinifu!"

"Nataka ukae kwenu!" Alipaza sauti, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja. Machozi yalikuwa yakimtoka, mzee wa watu, na hayafuti. "Mimi sina mtoto, unajua. Nnakupa ukoo mzima. Babu yako, bibi yako, minazi ya kule juu, na nyumba hii hii uliyoiuliza, nikifa ukae. Wewe nipe jina moja tu, la mtu keshakufa."

Angekuwa ananichukia ningemtemea mate nikaondoka. Lakini amenipa hili kama mtu anayempa mgeni godoro lake mwenyewe. Hajui anachoniomba. Au anajua, na amengoja kukiomba toka siku ile alipotafuta jahazi baada ya jahazi.

Jumapili, 4 Mei

Mvua.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua. Siwezi kumwambia Bi Kidawa.

Ijumaa, 9 Mei

Nilikwenda mjini kujaribu mlango mwingine. Hakuna mwingine. Bi Mwanakheir amekwisha safiri, na chumba changu wamo watu nisiowajua, wakanipa cherehani yangu mlangoni. Nikafikiri Moroni: sijawahi kufika, baba alitoka huko mdogo, na nyumba za huko ni za wanawake wa huko, na mimi mama yangu si wa huko. Kwa Wangazija mtu ni wa mama yake, na hapa mtu ni wa baba yake. Nimezaliwa kinyume. Kila upande unanikosesha yule mzazi ninayemhitaji.

Majunga je? Makaburi mawili, na nyumba ya kupanga iliyokwisha pangwa na wengine.

Jumatano, 14 Mei

Mvua ya matone mawili matatu kisha ikaacha. Bi Kidawa aniuliza nina nini, mbona sili. Nimemwambia tumbo.

Jumapili, 18 Mei

Baba alikuwa akipenda kusimulia siku ya ndoa yao. Kadhi alimuuliza mama, "Walii wako yuko wapi?" Mama akalia. Kadhi, mzee sana, akavua miwani akaifuta na kusema, "Basi leo mimi ndiye kaka yako." Baba akifika hapo hunyamaza kila mara, akamtazama mama, na mama humwambia, "Shona wewe, usinichoshe." Nimekisikia kisa hicho mara elfu. Nikiwa msichana nilikuwa nakiona kirefu.

Msa Hamadi. Naliandika hapa ili angalau liwepo mahali. Baba yangu ni Msa Hamadi.

Alhamisi, 22 Mei

Nimemwambia mjomba sitaki. Akasema, "Haya, mwanangu," bila ya hasira. Nikaenda mpaka pwani, nikarudi, nikamwambia nataka.

Jumatatu, 26 Mei

Mvua inapungua. Kesho.

Jumanne, 27 Mei. Mjini

Tulikwenda kwa gari ya asubuhi. Mjomba alivaa joho lililokuwa la babu, linanuka karafuu maiti. Njia nzima hakusema ila mara moja, kuniuliza kama naona baridi.

Bwana wa ofisi alitukaribisha viti. Mjomba alisema maneno yake kwa utulivu, moja moja, kama anayesoma adhana: mimi kaka yake Mwanakhamis, mimi ndiye walii wake, mimi sikumwozesha mtu. Huyu ni mtoto wake. Baba hana.

Yule bwana alitazama meza. Nadhani aliona haya kwa niaba yangu. "Na wewe bibi, unasemaje? Baba yako nani?"

Nilikuwa nimekwisha kulisema neno hilo njiani, moyoni, tena na tena, nilidhani limekwisha makali.

"Sina baba."

"Hujui, au huna?"

"Sina."

Akaandika Shemsa binti Mwanakhamis. Akapiga muhuri. "Haya, bibi," akasema, "mambo yamekwisha. Nenda kwenu."

Hakuna mtu aliyepata kuniambia hivyo duniani. Nilitoka nje nikatapika ukutani, na mjomba akanishikia buibui lisichafuke.

Jumatano, 28 Mei. Chwaka

Mjomba hakuficha. Kwake ni furaha, na furaha husemwa. Jana magharibi amewaambia watu msikitini: mtoto wa dada yangu amerudi, serikali imekubali, ni wetu, hana baba, maana Mwanakhamis hakuolewa. Leo asubuhi neno lilikwisha fika pwani.

Bi Kidawa alikuwa jikoni. Hakuniitikia salamu. Akaendelea kukuna nazi, na mbuzi ya kukunia ikilia, kisha akasimama.

"Nani kampamba mamaako usiku ule alipotoka, unajua?"

Sikujua.

"Mimi. Singo ya bibi harusi nimemsinga mimi, kwa mikono hii, ndani ya chumba hiki. Liwa nimemtia mimi. Nguo zake nimezifukiza udi. Alitoka mlango ule bibi harusi, Shemsa, na mimi nimeinyamazia siri hiyo toka ujana wangu, namtazama Makungu usoni kila siku, na moyo wangu mweupe, kwa kuwa nnajua nimemtoa mwari kwenda kwa mumewe. Akanitumia salamu na baharia: mwambie Kidawa nimeolewa. Nililia kwa furaha. Sasa wewe umemfanya nani? Na mimi umenifanya nani? Kuwadi?"

"Bi Kidawa, ningekwenda wapi?"

Ni mtu wa haki, alilipima swali langu. "Sijui, mwanangu," akasema mwishowe. "Wallahi sijui. Lakini kwangu usilale tena."

Akanikunjia kanga zangu mwenyewe, vizuri, akazifunga. Nimehamia kwa mjomba. Nimepewa chumba alichokuwa akilala mama. Ukuta wake una ufa kutoka juu mpaka chini, na chokaa inatoka mkononi. Nimeugusa mpaka nikachoka, na hapana kilichonijia.

Alhamisi, 29 Mei. Mfungo Sita, siku ya Maulidi

Maulidi yamesomwa kwetu, baada ya alasiri. Kwetu. Wanaume barazani na ukumbini, sisi ndani, pazia katikati. Mimi nimewekwa mkeka wa mbele, na wanawake wa nyumba. Yule aliyesema mgeni hafukii makumbi ndiye aliyeninyunyizia marashi, akanikalisha karibu yake, akanipa mtoto wake nimpakate. Bi Kidawa alikuja pia, maana Maulidi hayasusiwi. Alikaa karibu na mlango.

Baada ya kisimamo cha kumsalia Mtume, Maalim akaanza dua na kurehemu maiti wa nyumba. Mjomba alimtajia mmoja mmoja. Babu. Bibi. Halafu akakohoa, akasema, "Na Mwanakhamis, dada yangu."

Miaka yote hiyo jina lake halikupata kutajwa katika nyumba hii. Wanawake walinishika mabega. Mmoja akalia, nami nikalia naye, na kwa kitambo, sitaki kujidanganya humu, nilikuwa na raha. Nilikuwa mtoto wa watu, nimekaa nyumbani kwa mama yangu, anaombewa kwa jina lake, na mikono ya jamaa iko mgongoni kwangu. Hicho ndicho nilichokitaka. Sikupata kutaka kitu kingine.

"Yupo mwengine?" Maalim akauliza.

"Yupo," akasema Bi Kidawa mlangoni, kwa sauti kavu iliyofika mpaka barazani. "Msa Hamadi. Mume wa Mwanakhamis."

Hata vipepeo vya mikononi vilisimama. Maalim ni kijana wa Kizimkazi, mgeni wa mwaka huu, hayajui ya watu. Akauliza kwa adabu, kupitia pazia, "Ni maiti wa nyumba hii? Bi Shemsa, naambiwa wewe ndiye mtoto wa marehemu. Huyu Msa Hamadi ni mtu wenu?"

Bi Kidawa alikuwa akinitazama. Hakunitazama kwa ubaya. Alinitazama kama anayeshikilia mlango uwazi na mvua inaingia.

Mtoto wa watu alikuwa usingizini mapajani mwangu. Nikasema, "Simjui."

Maalim akasoma Fatiha, na sote tukaitikia amin.